Bukari ya Pasta

Bandugu, leo nimemunyima pasta bukari, ugali yetu.

Asubui alituhubiria: "Mushukuru na kidogo!"
Hapa Likasi, miezi na miezi mishahara haitoke!

Saa sita akatutembelea.
Mugeni haulizwe kama iko na njala, anapakuliwa.
Nikamupakulia bukari sawa yai.
"Tushukuru na kidogo, pasta."

Batoto bakacheka.

Yeye hakukasirika. Akaikata katikati, akaomba karatasi.
"Mama, hii nusu nitapelekea bibi yangu. Tangu juzi hatuyakula."

Bukari yetu kubwa nilikuwa nimeificha chini ya kitanda, ingali moto.

Akafunga macho, akaomba Mungu abariki nyumba yenye ilimupa yote ilikuwa nayo.

Mungefanya nini?

Miye nilisema Amina.