Hongera ya Kushuka Cheo

Hapa kwa dobi tunamwita Mama Pasi, na hakuna shati lililowahi kumshinda. Miaka nenda miaka rudi alinyoosha mashuka ya hoteli, amesimama mpaka miguu inavimba. Bosi alipomkabidhi funguo za stoo na kumwambia sasa yeye ni msimamizi, tulimpigia vigelegele. Changu kilisikika kuliko vyote. Ningejua, ningefunga mdomo.

Mshahara ulipanda kweli. Kodi ikamega kipande chake, na hilo alilitegemea, maana serikali haili ikashiba. Asilolitegemea ni ofisi ya ustawi wa jamii. Karani alimweleza taratibu, kama anayempa pole ya msiba, kwamba kipato chake kimevuka kiwango, kwa hiyo ruzuku ya dawa za mama yake imekoma. Na dawa zile zilikuwa ghali kuliko nyongeza yote.

"Shoga, nimepanda ngazi nikajikuta shimoni," aliniambia, ameegemea kapu la nguo. Hakuwa hata na nguvu ya kukasirika. Nilikasirika mimi kwa niaba yake.

Mama yake, mgonjwa wa presha, hakuambiwa kitu. Lakini utu uzima dawa. Asubuhi moja Mama Pasi akimtandikia kitanda alikuta chini ya mto nusu nusu za vidonge, zimefungwa kwenye leso.

"Mama, hizi nini?"

"Akiba. Nusu inanitosha, mwanangu. Wewe sasa mkubwa kazini, usirudishwe nyuma na mimi."

Alikuja kazini macho mekundu, akapitiliza hadi kwa bosi na kuweka funguo mezani.

"Bosi, nirudishe kwenye pasi."

"Wenzako wanalilia cheo, wewe unakikimbia! Una akili kweli?"

"Akili ninayo, bosi. Uwezo wa kuwa mkubwa ndio sina."

Akavaa aproni yake ya zamani. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele, ingawa tulijua amefanya la maana. Karani akaahidi kwamba mshahara ukishuka, ruzuku itarudi. Jioni nilimsindikiza nyumbani, kwa sababu aliogopa kumwambia mama yake peke yake.

"Wamekushusha?" mzee akauliza.

"Nimeshuka mwenyewe, mama. Dawa zinarudi."

Mzee alifuta machozi. Kisha akanyoosha kiganja.

"Haya. Nipe kidonge kizima."