Kibati cha Ng'ambo

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, na shangazi yangu akanitafutia kazi kwenye kibanda cha kupiga chapa pale Tunduma, mtaa mmoja nyuma ya barabara kubwa ya mpakani. Kibanda kilikuwa na taipureta moja, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikigoma umeme ukipungua, na benchi la wateja. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za watu: maombi ya kazi, malalamiko ya viwanja, barua za posa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndicho kitu pekee ambacho shule ilinipa kikakaa.

Habari za wagunduzi zilianza bila mimi kupanga. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Ivuna, kule wanakochemsha chumvi. Alitaka barua ya kuieleza serikali kuhusu jiko lake la udongo, ambalo alisema linakula nusu ya kuni. Ofisi gani ya serikali, hakujua. Nikamwuliza jiko lenyewe likoje. Akalieleza kwa mikono, hewani, hapa mdomo wa kuni, hapa sufuria la kwanza, hapa moshi unapopita kwenda kuchemsha la pili, nami nikachora kile mikono yake ilichokuwa ikifanya. Alipoiona ile picha aliifuata mistari yake kwa kidole, akasema, "Kumbe ndivyo lilivyo."

Barua yake haikujibiwa. Lakini picha aliibandika ukutani kwake, na jirani yake akaja kutaka ya kwake. Baada yake akaja mwenye mtego wa panya wa ndoo, kisha kijana wa Galula mwenye chujio la mchanga wa dhahabu linalotikiswa na tairi la pikipiki. Niliwachorea, nikawaandikia maelezo, nikawafundisha kuyasema mbele ya watu bila kuanza na historia ya ukoo. Mwenye kibanda hakujali maadamu wamelipia karatasi. Majirani walituita "kwa wagunduzi," na hawakuwa wanatusifu.

Mimi nilikuwa naota. Niliamini kila kilichoingia pale mlangoni kingefika mbali.

Fundi wa baiskeli alikuja mwaka wa nne wa kazi yangu. Alikuwa mtu wa makamo, Mnyiha wa Hasamba, na kibanda chake kilikuwa karibu na stendi. Nyumbani kwake kulikuwa na mke, watoto na kahawa, lakini yeye aliishi Tunduma kwa sababu baiskeli za kuharibika ziko Tunduma. Kwa misimu mitatu alikuwa akitengeneza mashine ya kumenya kahawa mbivu. Ngoma yake ilikuwa ya mti, imevalishwa bati alilolitoboa kwa msumari tundu moja moja mpaka likawa kama ulimi wa ng'ombe. Iliendeshwa kwa pedeli na mnyororo wa baiskeli, mtu ameketi.

"Hizi za mkono zinataka watu wawili wenye nguvu," aliniambia. "Na zinapasua punje. Hii, mwanamke anakaa, anakanyaga, mtoto mgongoni. Punje inatoka nzima."

"Sasa unataka niandike nini, baba?"

"Sitaki barua, binti yangu. Nataka unisemee."

Kikundi cha wakulima kule kwao kilikuwa kinakutana Jumatano kuchagua mashine, maana ile ya zamani ilikuwa imekufa na kahawa imeanza kuiva. Kahawa ikichumwa haingoji; inatakiwa imenywe maganda siku hiyohiyo. Wakikubali ya kwake, angerudi Hasamba kutengeneza nyingine na kuzihudumia, akae na watu wake. Wakikataa, angebaki kuziba pancha mpakani. Aliyasema haya huku akifuta grisi kwenye vidole, bila kuniangalia.

Tulikuwa na siku sita. Nilimfanyisha mazoezi nikaona kweli hawezi kusema. Ukimwuliza mashine inafanya nini, anainama kukaza nati. Basi maneno nikayachukua mimi. Kilichobaki ni sura. Ile mashine ilikuwa na rangi za baiskeli tano tofauti, na mguu mmoja ulikuwa fremu ya baiskeli ya kike yenye maua.

Nikaenda kwa mzee wa vyuma chakavu, mfanyabiashara kutoka Kondoa ambaye duka lake lilitazamana na msikiti. Alikuwa mpole, na mtani kupita kiasi. Wateja wake wa Zambia aliwaamkia "mulishani," wakaitika "bwino," na hapo ndipo Kibemba chake kilipoishia; yaliyobaki aliyamaliza kwa vidole.

Alikuja akaizunguka mashine mara mbili.

"Fundi," alisema, "akili unayo. Lakini hapa Tunduma kitu kisicho na kibati ni kuni."

"Kibati cha nini?" fundi aliuliza.

"Cha kiwandani. Mtu anataka kuona kimetoka mahali. Wewe ukimwambia kimetoka kwako, atakuuliza wewe nani."

Alitupa mkebe wa rangi ya kijani ya kupuliza. Akatupa pia kibati cha shaba kilichong'olewa kwenye mashine mbovu ya kusaga mahindi, chenye namba, herufi za kupendeza, na chini kabisa neno Zambia. Fundi alikitazama sana.

"Mwanangu, hiki si changu."

"Ni pambo tu, baba," nilimwambia. "Kama ua kwenye kitambaa cha meza."

Nilikigongea kwa ribiti nne, zile pini za kupondwa ncha, mimi mwenyewe, mbele, mahali pa kuonekana. Rangi ilipokauka, wapita njia walianza kusimama. Mmoja aliuliza bei. Nilifurahi mpaka usingizi ukanipungua.

Jumatano asubuhi mke wake alituma nusu debe ya kahawa mbivu kwa gari la kwanza, ili tuipime mashine kabla ya kuondoka na itakayobaki tukaonyeshe nayo. Tukapakia mashine kwenye pikapu ya kukodi, mimi na fundi tukakaa nyuma tumeishika. Mkutano ulikuwa saa nane. Saa tano hivi tulifika kwenye kizuizi cha barabarani, mahali wanapokagua mizigo inayotoka mpakani.

Anayeishi Tunduma hukipita kizuizi kile kama anavyopita kizingiti cha nyumba yake. Ofisa alikuwa kijana mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. Aliipapasa mashine, akainama, akasoma.

"Mzigo mzuri," alisema. "Karatasi zake?"

"Hauna karatasi," fundi alijibu. "Nimeutengeneza mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

"Hapa pameandikwa Zambia, mzee. Au wewe ndiye Zambia?"

Wenzake walicheka. Nikaanza kueleza habari za pambo na kitambaa cha meza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu aliyekutwa na kuku kwenye kapu akidai ni kofia. Ofisa alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akasema gari liwekwe pembeni.

Tulikaa pale saa mbili nzima. Fundi hakunilaumu. Alikaa kwenye kivuli cha gari, akachungulia debe la kahawa, akaifunika kwa gunia, akalirushia maji kidogo. Jambo hilo lilinichoma kuliko kama angenigombeza.

Hatimaye alisimama akamfuata yule ofisa.

"Mwanangu," alimwambia, "mtu aliyeagiza kitu hajui kilichomo ndani. Niruhusu nikifungue."

"Fungua."

Alikuwa na spana moja na bisibisi. Akaanza kuitoa, kipande baada ya kipande, akavipanga kwenye gunia, na yule mtu asiyeweza kusema akawa anasema. Hii pedeli ni ya baiskeli ya mwalimu fulani aliyehama. Huu mnyororo ni wa baiskeli mbili, niliuunga hapa, tazama. Huu mguu una maua chini ya rangi. Akakwangua kwa bisibisi, maua yakatokea. Akaitoa ngoma, akampa ofisa aishike, akamwonyesha mahali msumari ulipoteleza, tundu moja likawa kubwa kuliko mengine. "Hapa nilikuwa na homa," alisema.

Abiria wa basi lililosimamishwa walikuwa wameshuka wakatuzunguka. Ofisa aliigeuza ngoma mikononi.

"Bibi yangu alikuwa anamenya kwa kinu," alisema. "Ifunge tena. Nataka kuiona ikifanya kazi."

Ikafungwa. Robo ya kahawa yetu ikamwagwa juu, ofisa mwenyewe akapanda kwenye kiti akakanyaga pedeli, na punje zikatoka nyeupe, zinateleza, nzima. Mama mmoja wa kwenye basi aliokota chache akaziangalia kwa karibu. "Haikupasua," alisema, si kwa yeyote.

Ofisa alituruhusu. "Ila kibati," alimwambia fundi, "kitakuletea matatizo mbele." Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akanitazama mimi. Nilitaka kukitoa palepale, lakini ribiti zinataka patasi, nasi hatukuwa nayo. Na saa zilikuwa zimekwenda.

Tulifika Hasamba watu wameanza kukunja mikeka. Mkutano ulifanyika nje ya ghala la kikundi, watu wapatao thelathini, wengi wanawake. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu mwenye koti la suti na ndala. Tuliposhusha mashine aliisogelea, akasoma kibati, akarudi akakaa.

"Shemeji," alimwambia fundi, maana mke wa fundi alikuwa wa ukoo wake, "tulisema hatutaki tena ya Zambia. Ile ya kwanza ilikufa kwa kukosa spea. Tulingoja kifaa miezi mitano, kahawa inaozea mitini. Sisi tulijua unaleta ya kwako."

Fundi aliniangalia. Nilikuwa na hotuba kwenye karatasi, kurasa mbili, nimeipiga kwa taipureta. Ilianza na maneno "Mashine hii ya kisasa." Niliikunja.

"Ni ya kwake," nilisema. "Kibati nimekigongea mimi. Nilidhani mtaiheshimu zaidi."

Kisha bibi mmoja mbele akamwuliza jirani yake kwa Kinyiha, na jirani akacheka akanitafsiria: "Anauliza, wewe ukija kuposwa utabandikwa kibati cha nani?"

Walicheka wote, nami nikacheka, machozi yakiwa karibu. Fundi hakungoja nimalize. Alichukua spana, akatandika gunia, akaanza kuifungua tena, pedeli, mnyororo, mguu wa maua. Safari hii hata kinywa hakufungua sana. Wanawake walisogea wenyewe wakashika vipande. Mmoja alisema, "Mnyororo huu hata dukani hapa upo." Mwingine akasema, "Na pedeli ninayo nyumbani, ya baiskeli ya marehemu." Mke wake alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, hakusogea mpaka kahawa iliyobaki ilipomwagwa na punje zikaanza kutoka.

Hawakumkubalia moja kwa moja. Mwenyekiti alisema mashine ibaki ghalani msimu huo kwa majaribio, na fundi abaki nayo. Ikifika mwisho wa mavuno haijapasua kahawa ya watu, watataka tatu. "Na uikwangue hiyo rangi," alimalizia. "Tunataka kuona tunachokanyaga."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akaazima patasi, akaning'olea kibati, akanipa mkononi. Kilikuwa cha moto kwa jua. "Kirudishe kwa mzee," alisema. "Mwambie asante ya rangi."

Baada ya hapo sikumpaka mgunduzi yeyote rangi. Nilikuwa namwambia afungue kitu chake mbele ya benchi letu kwanza, mpaka mwisho, na asiyeweza kukifungua nilimwomba arudi nacho nyumbani akakijue. Wachache walikasirika.

Jioni ya Jumatano ile nilirudi peke yangu kwenye pikapu, mbele, karibu na dereva. Kwenye kizuizi yule ofisa alikuwa bado zamuni. Alichungulia nyuma.

"Mashine iko wapi?"

"Imebaki. Na fundi amebaki nayo, nyumbani kwake."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za ndugu. Kisha akaona kibati mapajani mwangu, akakichukua, akakigeuza.

"Hiki sasa ni cha Zambia kweli," alisema. "Karatasi zake?"

Nikampa hotuba yangu, kurasa zote mbili. Alisoma mstari wa kwanza, akanirudishia pamoja na kibati, akainua mti wa kizuizi.