Matundu manne kwenye Martini ya Marhoon

Tarehe 11 Mei 2025 Marhoon Khattab, mwalimu mstaafu wa hisabati wa Ghubra, Maskati, alitimiza miaka sabini, na mwanawe Humam akamletea zawadi ya darubini ya bunduki.

Bunduki yenyewe ni Martini ya babu yake Marhoon, ya kufunguliwa kwa wenzo wa chini. Kila Idi Marhoon huirusha juu kwenye razha, ngoma ya panga na bunduki, akaidaka akicheza, kisha wanaume wakashindana shabaha. Idi ya Mfunguo Mosi alikosa mara tatu. Humam aliona. Alimpelekea fundi wa bunduki wa Rusayl ile bunduki kimyakimya, naye akatia alama nne za chaki pa kutoboa ili darubini ifungwe. Bunduki ikarudi nyumbani na alama zake, bado haijatobolewa.

"Nani kakutuma?" Marhoon aliwaka. "Hapa pana jina la babu yangu. Ulitaka lipigwe keekee?"

"Nilitaka ikusaidie kuona mbali, Baba."

"Na nikiirusha, hilo dude linishukie puani?"

Mkewe, Balqis, alijaribu kumpoza. "Bwana, mwenzio kataka wema."

"Wema gani? Katangaza mpaka kwa mafundi kuwa miye kipofu!"

Alimpokonya Humam kitambaa, akazifuta alama mwenyewe, kwa nguvu. Alifuta tatu, akakirejesha.

"Bado moja," Balqis alisema taratibu.

Marhoon aliitafuta, akainamia chuma, asiione. Balqis akamshika kidole, akakiweka juu ya alama ya nne.

Darubini inarudishwa dukani. Jumapili Marhoon anakwenda kupimwa macho, na Humam bado hasemezwi.