Fundo la Mwisho la Zari

Zari ya kweli, ule uzi wa dhahabu wa kudarizia, hujulikana kwa moto. Baba alikuwa akikata kipande cha uzi, akikiwasha kwa kiberiti, kisha akanusa. Ya uongo hujikunja na kunuka plastiki. Ya kweli huungua hariri yake ya ndani tu, ukabakia waya mwembamba kama unywele. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba duniani huchoma uzi kabla ya kuanza kazi.

Baba alikuwa fundi wa kudarizi majoho ya mabwana harusi. Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, ya ghorofa moja, yenye kuta nene za mawe, na kichochoro chake kilikuwa chembamba hata jirani wa mbele akipiga chafya, sisi ndio tuliomwombea afya. Kufikia miaka ya tisini wateja walikuwa wamepungua. Majoho yalikuja kutoka Dubai yamekwisha dariziwa na mashine, na baba akiyaona harusini aliguna tu, akaendelea na pilau yake.

Hakuwa mtu wa maneno hata alipokuwa mzima. Mwanagenzi akikosea hakugombezwa. Aliirudia kazi yake akaikuta imefumuliwa yote, uzi umeviringwa vizuri pembeni. Kazi ikiwa njema hakusifiwa pia. Baba alilifunga fundo la mwisho kwa mkono wake, basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya ukumbi wetu, alimofanyia kazi. Fundo la mwisho si la mwanagenzi. Huuacha uzi ukining'inia, akangoja, na wapo waliongoja mpaka wakakata tamaa wakaenda kuuza viatu.

Mimi sikuwa mwanagenzi. Nilikuwa binti, tena mkaidi, nikaenda kusomea umeme chuoni kule Buxton, mwendo wa miguu kutoka kwetu, darasa la wavulana watupu na mimi. Kila asubuhi nilikatiza mtaa wa Makadara na vipande vya zari vimening'ang'ania kwenye buibui, maana nyumba yetu nzima ilikuwa imejaa zari, hata kwenye wali tuliikuta. Siku moja tukiwa kwenye mazoezi, kwa kukosa la kufanya, niligusisha nyaya mbili za mita ya kupimia umeme kwenye uzi uliokuwa umenasa mkononi mwangu. Mshale ukaruka hadi mwisho: zari ilipitisha umeme. Wavulana wakanicheka, "Huyu apima nguo!" Nami nikacheka, nikasahau.

Kisha baba akapatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, na ulimi nao. Akili ilibaki timamu, na mkono wa kushoto, na yale macho yake ya kukagua. Alilazwa chumba cha juu. Mama alikuwa jikoni, chini, uani, na jiko la mafuta likivuma. Kwa hiyo tukampa baba kengele ya shaba.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hiyo kengele. Baba alipoipiga, mama hakusikia, lakini kichochoro kizima kilisikia. Jirani wa mbele akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, mwanamke mwema masikini, lakini sauti yake ilikuwa ya kuuzia samaki. "Mwenzangu! Hebu panda juu! Mumeo yuwaita, labda yuwataka kwenda chooni!" Wapita njia wakatazama juu. Mama alipofika, shuka ilikuwa imekwisha rowa. Baba aliisukuma kengele kwa mkono wake mzima ikaanguka, ikabingirika hadi mlangoni, na hakuigusa tena.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, akaleta karatasi ya nailoni ya kutandika chini ya shuka, na mataulo ya kumfunga. "Mgonjwa ni kama mtoto," alisema, mbele ya baba, kana kwamba masikio nayo yamepooza. Baba aligeuza uso ukutani. Tangu siku hiyo akaanza kukataa maji. Mama alimletea gilasi, akafunga midomo. Uji alikubali vijiko viwili vitatu, basi. Tulielewa bila ya kuambiwa: asiyekunywa haendi chooni. Midomo ikampasuka, na joto lile la Mombasa unalijua. Nilimwona mama uani akilia huku akipepeta mchele ambao hakuwa na haja ya kuupika, nikaingiwa na hasira, sijui kwa nani.

Hapo nikaukumbuka mshale wa mita. Nilifungua sanduku la baba nikatoa kibunzi kilichoviringwa zari ya kweli. Nilichoma ncha kwanza, kama yeye. Nikadarizi ua kwenye kitambaa kimoja, uzi ukipenya hadi upande wa chini, na ua jingine kwenye kitambaa cha pili. Kati ya vitambaa hivyo nikaweka sifongo nyembamba niliyoitoboa katikati. Kiganja kikilikandamiza ua la juu, zari ya juu hukutana na ya chini penye tundu, na umeme wa betri za tochi hupita. Waya mrefu niliushusha kwa dirisha la uani mpaka jikoni, kwenye king'ora kidogo cha mlango. Atakayesikia ni mama peke yake.

Nilimwekea baba kitambaa chini ya kiganja cha kushoto, nikamweleza. Alikitazama kitambaa muda mrefu. Kisha, kwa ukucha wa kidole gumba, akaanza kulifumua ua langu.

Niliumia, sifichi. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii babake: kwamba basi na afe na kiu yake. Nikashuka, nikaketi kwenye ngazi. Niliporudi kuchukua vitu vyangu, kitambaa kilikuwa cheupe, na uzi umeviringwa pembeni, kwa mkono mmoja, vibaya vibaya, lakini umeviringwa.

Nikaona haya mpaka masikioni. Baba hakuwa amekataa king'ora. Alikuwa amekataa ua.

Basi nikaanza upya, nikiwa nimekaa sakafuni kando ya kitanda, alipoweza kuniona. Nilipokosea aligonga mbao za kitanda kwa kidole. Mara ya pili alilifumua nusu tu, na mimi nikafurahi kama niliyefaulu mtihani. Alinichorea kwa kidole juu ya shuka jinsi jani linavyopinda. Miaka yote ile nilipita ukumbini nikiwa na haraka zangu, na sasa, hawezi kusema neno, ndipo nilipofunzwa na babangu. Siku hizi vijana ninaowafundisha huniletea habari za nguo zenye akili, shati linalohesabu mapigo ya moyo, glavu inayozungumza na simu. Huwasikiliza kwa adabu. Moyoni nakuwa sakafuni kule, na kidole kinagonga mbao.

Siku ya tatu ua lilikamilika. Nilikiweka kitambaa chini ya kiganja chake, nikaunga nyaya, nikashuka jikoni. Sijafika chini, king'ora kikalia. Mama akaacha sufuria akapanda mbio. Baba alitikisa kichwa, hataki kitu. Mama akashuka, kikalia tena. Akapanda. Mara ya nne aliketi kwenye ngazi ameshika kiuno. "Mwanangu, nimechoka. Dude hili litaniua kabla ya babako. Liondoe, tutandike ile nailoni ya amiyo."

Nilipanda juu. Nilikigeuza kitambaa, na hapo nikaona: uzi. Urefu wa kidole, umening'inia kutoka ua la juu hadi kwenye ua la chini, ukigusa kila baba alipojisogeza. Nilikuwa nimeuacha mwenyewe. Sikufikiri hata kidogo. Mikono yangu, iliyokulia katika nyumba ile, iliacha fundo la mwisho kwa fundi. Wavulana wa darasani kwetu wangekata uzi ule na kwenda zao. Niliwaza umeme siku tatu nzima, na jambo la kwanza ambalo umeme hautaki, waya ulioachwa ovyo, nikaliacha kwa heshima.

Nikachukua mkasi. Baba akanishika mkono.

Aliuchukua uzi yeye. King'ora, kilichokuwa kikilia tena chini, kikanyamaza. Alinitazama mpaka nikaelewa, nikaweka mkono wangu wa kulia mahali ambapo ungekuwa wake. Nilishika kitanzi, yeye akapitisha ncha, akaikosa, akapitisha tena. Jasho lilimtoka. Mara ya sita au ya saba fundo likakaza. Akainamisha kichwa, akaukata uzi uliozidi kwa meno ya upande uliobaki mzima, akautema shukani, akafumba macho.

Sikusifiwa, na sijapata kusifiwa hivyo tena.

Nilishuka. Mama alikuwa bado kwenye ngazi. Tukaingia jikoni, tukakaa, mimi na yeye, tukikitazama kile king'ora ukutani. Wali ukaanza kuungua, hakuna aliyeinuka. Kisha kikalia, mara moja, kifupi.

Mama alipanda. Dirisha la jirani lilikuwa kimya. Nilisikia hatua zake juu, kisha hakuna kitu, kisha sauti yake, imepasuka.

"Lete maji! Yuwaonyesha mdomo, yuwataka maji!"

Nilipanda na gilasi imejaa, nusu nikaimwaga ngazini. Baba akanywa yote, akainyanyua gilasi tupu mbele ya mwanga, kama alivyokuwa akikagua kazi, akanirudishia nijaze tena.