Kochi la Baba Anayekoroma

Mume wangu ni fundi makochi hapa Ushirombo. Mikono yake haina mpinzani, ila mdomo ndio shida. Anaweza kukaa na mteja asubuhi nzima akaishia kumwambia "karibu" na "haya" tu. Basi matangazo yakawa kazi yangu. Nikapiga video kwa simu, nikaiweka status. Wa kwanza kunijibu alikuwa dada yangu: "Huyo kuku mnauza?" Kumbe kuku ndiye aliyeonekana vizuri. Kochi lilikuwa gizani.

Nikamwita mpiga video wa harusi kutoka Shinyanga. Akaja na kamera, taa na kipaza sauti, akaomba tutoe kochi nje. Tukiwa tunasubiri jua lipoe, akamwambia mume wangu, "Baba, tazama hapa, ongea kama unaongea na mteja."

Mume wangu akakohoa, akaikazia macho kamera. "Shikamoo."

"Usiiamkie kamera, baba."

"Sasa nitajuaje nani anaangalia? Wakiwa wakwe zangu je?"

Wakarudia. Shikamoo. Wakarudia tena. Shikamoo. Mwishowe mpiga video akachoka, akaitikia, "Marahaba." Mume wangu akanuna, maana yule ni mdogo kwake kwa mbali. Akaenda kujitupa kwenye kochi, na kwa uchovu wa wiki nzima, usingizi ukampitia.

Nilitaka kumwamsha. Mpiga video akaweka kidole mdomoni mwake, ishara kwamba ninyamaze. Akapiga mishono kwa karibu, akapiga mbao ngumu za fremu, akapiga godoro linavyobonyea na kuinuka, kisha akamsogezea mume wangu kipaza sauti puani. Mwisho wa video akaandika namba yetu na mahali tulipo.

Video ilipotoka, mama mkwe alikuwa wa kwanza kupiga simu, kutoka Didia. "Ng'wana wane, mwanangu, anaumwa nini? Mbona mmemlaza nje?"

Kesho yake simu zikaanza kuingia. Geita, Katoro, hata machimboni, wote wanataka kochi la baba anayekoroma. Mama mmoja alikuja na mumewe, mchimbaji mwenye mabega mapana. Mama akakaa, akainuka, akakaa tena, hakuridhika.

"Naomba baba alale kidogo tuone," akaniambia.

Mume wangu akaweka nyundo chini. "Mama, mimi si mwigizaji. Siku ile nilichoka kweli. Alale mumeo, ndiye atakayelitumia."

Sijawahi kumsikia akimwambia mteja maneno mengi hivyo. Mchimbaji akavua buti, akajinyoosha, akasema wasitafute kwingine.

Sasa tumeongeza fundi wa pili, na mpiga video atarudi mwezi ujao kupiga meza za chakula. Mume wangu ameshaniuliza mara mbili kama siku hiyo avae koti.