Chati ya E Tuliyoikariri

Hapana, mama mwenzangu, usiniambie ati enzi zetu hakuna mtoto alikuwa na shida ya macho, ati hizi miwani zimeletwa na simu. Shida ilikuwa. Sisi ndio tuliificha.

Wenzangu mliosoma Katangi miaka ya tisini mnakumbuka ile vumbi, na muthokoi ya mchana, mahindi na mbaazi mpaka tumbo inakaza. Mimi nilikaa dawati moja na Mwende. Ubao hakuuona, alinakili daftari yangu, pua karibu iguse karatasi. Nikikosa, na yeye anakosa.

Siku moja sista wa macho akaja kutoka hospitali na chati ya herufi E, moja imeangalia juu, nyingine chini, nyingine kando. Wasichana wa darasa la nane walikuwa wametutisha: "Ukishindwa, gari inakubeba mpaka shule ya vipofu. Nyumbani utarudi Krismasi!" Mwende akanishika sketi. "Aiya, usiache nibebwe."

Sasa sisi, tuliokariri hata mito ya nchi hatujawahi kuona, tungeshindwa na E? Nilipimwa mapema, nikamfundisha kama tebo ya saba ya kuzidisha: kulia, juu, juu, kushoto, chini. Sista aliziuliza kutoka juu kwenda chini, hakuruka hata moja. Mwende akapita. Tuliruka kamba mpaka kengele!

Baada ya chakula, mwalimu wa hesabu akamwita asome swali ubaoni. Mwende akainamia daftari yangu.

"Sista amesema macho yako iko sawa," mwalimu akasema. "Kumbe miaka hii yote ilikuwa kiburi."

Mwalimu huyo hakuwa amewahi kumchapa. Siku hiyo alimchapa viboko vitatu, akampeleka dawati la nyuma kabisa. Mwende hakunilaumu, alisema tu, "Angalau nitalala kwetu."

Watoto wa siku hizi wakiumwa na kichwa kidogo wanapelekwa kupimwa, na bado wanasumbua ati fremu iwe ya zambarau. Wacha wasumbue. Ningependa Mwende angesumbua hivyo.

Sista alikuwa amebakisha siku moja, apime darasa la nane. Jioni hiyo nikaamua: kesho asubuhi, kabla ya paredi, nitamngoja kwa geti, gari ya vipofu ije isije. Nitamwambia ampime Mwende tena, lakini safari hii aanzie chini.