Viatu vya Nafula kwenye foleni ya bembea

Wenzangu, leo nusura nimpoteze mtoto wa dada yangu, na kosa ni la mpango wangu.

Tulitoka Butula alfajiri ili tufike maonyesho ya Malaba kabla ya foleni ya bembea kubwa, ile ya gurudumu la mbao lenye viti, linalozungushwa kwa mikono.

Tulikuta watu wamejaa.

Basi nikafanya kama tunavyofanya na madebe kisimani. Nilimvua Nafula viatu, ana miaka minne tu, nikaviacha kwenye foleni vitushikie nafasi. Tukaenda kununua miwa.

Nikageuka kulipa. Nilipotazama tena, hayupo.

Nilipiga kelele, mimi karani ninayeogopa hata kukohoa ofisini.

Ndipo nikasikia sauti kutoka juu kabisa: "Mjomba! Niko hapa!"

Alikuwa peke yake, juu kuliko mapaa ya maduka, amesimama kwenye kiti cha bembea akinipungia mkono.

"Nafula, kaa! Shika ubao!"

"Kumbe ni wako?" mama mmoja aliniuliza. "Tulikuwa tunasogeza viatu mpaka vikafika mbele. Akaja, akavivaa. Tungemnyima zamu yake?"

Wazungushaji walimshusha polepole.

Alipofika chini, akavua viatu, akanipa. "Mjomba, viweke tena nyuma ya yule mzee wa mwisho."

Nimemwomba asimwambie mama yake. Amekubali. Atamsimulia tu, anasema, jinsi mjomba alivyoonekana mdogo kutoka kule juu.

Ninyi mngemrudisha nyumbani mkisema nini?